Ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Mliokaa nami juma lililopita mnajua niliwaacha wapi. Aliyeingia leo namtandikia mkeka, akae, kisha twende.

Mimi ni Salimu, mwana wa Boga fundi cherehani, wa hapa Munje. Nilirudi kutoka chuo cha ufundi Mombasa na cheti cha redio. Huko nilipewa kazi ya mitambo ya simu, nikaikataa. Nikaja kwetu nikaunda amplifaya, mashine ya kukuza sauti, kwa mikono yangu, kwa vyuma na vali za redio za jeshi, vile vioo vyembamba vyenye waya ndani, zilizouzwa vita vilipokwisha.

Nilitaka kitu kimoja tu: kile chumba cha nje cha madrasa, niwafundishe vijana wetu kazi ya redio. Wazee wakasema sawa, mashine yako ikichaguliwa kusomea maulidi, chumba ni chako.

Ndipo Bwana Dzombo, mwenye duka kubwa la Msambweni, akaleta amplifaya mpya ya Ulaya, inayong'aa kama sinia la harusi. Akasema naye anashindana, na akichaguliwa yeye, chumba kile atakifanya ghala la mbata, nazi zake kavu za kuuza.

Tukakubaliana mashine zishindanishwe. Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Kanuni za shindano nilizitunga mimi mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa.

"Maalim," nilimwambia mwalimu wa madrasa mbele ya wazee, "macho yasiingie katika kazi ya masikio. Mtu akiiona mashine ya Bwana Dzombo na vile vifungo vyake vya rangi ya dhahabu, atakuwa ameshaisikia nzuri kabla haijawashwa."

Dzombo akacheka. "Na akiiona yako, kijana, atadhani ni debe la mafuta ya taa lililotiwa viraka."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lilikuwa debe la mafuta ya taa kweli.

"Basi zote mbili zikae chumbani, mlango ufungwe," nikaendelea. "Nje hapa liwe bomba moja la kutolea sauti. Maikrofoni moja, msomaji mmoja, beti zile zile. Wa kubadilisha swichi awe mtu mmoja. Sisi tusikie ya kwanza, kisha ya pili, tuseme ipi bora. Tukishasema, ndipo tuambiwe ipi ni ya nani."

"Na nguvu?" akauliza Dzombo. "Yangu ina nguvu mara ngapi ya hiyo yako?"

"Nguvu zisawazishwe. Sikio la binadamu hulaghaika upesi. Likipewa sauti mbili, moja kubwa kidogo, litasema ile kubwa ndiyo nzuri, hata kama inakoroma."

"Basi sema unaogopa."

"Siogopi, Bwana Dzombo. Simba ana nguvu, lakini haalikwi kusoma maulidi."

"Haalikwi, mwanangu," ikatoka sauti ya mwanamke nyuma ya pazia. "Akija atakula pilau na wapishi."

Huyo alikuwa Bi Biasha, mkubwa wa akina mama wa maulidi. Wanawake wetu hukaa baraza ya nyuma, pazia katikati, na maneno yao huvuka pazia bila kupiga hodi. Bi Biasha akisikia tari iliyolegea ngozi huko kitongoji cha pili, hutuma mtu akawaambie waioteshe moto. Sikio lake ndilo lililoaminiwa kuliko masikio yetu sote.

Wa swichi, wazee wakamchagua Mbwana. Mbwana na mimi tulitiwa jando pamoja, tukalala mkeka mmoja, tukafukuzwa na bibi yule yule kwa kuiba maembe. Alinisaidia kuzungusha waya wa transfoma mpaka vidole vikamtoka malengelenge.

"Ni rafiki yangu," nikasema mwenyewe, nisije nikaonekana mjanja. "Bwana Dzombo ana haki ya kumkataa."

"Simkatai," akasema Dzombo. "Mbwana simjui kwa uongo."

Msomaji akawa baba yangu, maana katika Munje na Msambweni yote hakuna asomaye kasida kama yeye. Hapo Dzombo akasita.

"Baba yake mzazi, Maalim?"

"Boga anasoma kasida, hasomi mashine," Maalim akamjibu. "Wadhani ataiharibu sifa ya Mtume makusudi, kwa ajili ya debe?"

Baba akasema, bila kumtazama mtu, "Nitasoma kama nisomavyo siku zote."

Basi nikaongeza langu la mwisho, na laiti ningeuma ulimi.

"Pasiwe na manung'uniko baadaye. Tusome Fatiha hapa hapa. Atakayeshindwa asifungue kinywa."

Maalim akanigeukia. "Una hakika, Salimu? Fatiha si kiraka cha nguo, ukikichoka ukakifumua."

"Nina hakika, Maalim. Haki haiogopi Fatiha."

Mikono ikainuliwa, ikasomwa, tukapangusa nyuso. Nilikuwa mwepesi moyoni kama mtu aliyekwisha shinda.

Siku yenyewe ikafika. Baada ya sala ya alasiri uwanja wa madrasa ulijaa. Walikuja wa Munje, wa Msambweni, hata wavuvi wa Majoreni waliosikia kwamba madebe mawili yatapigana. Jenereta ya Dzombo ilikuwa mbali nyuma ya minazi, ikinguruma. Baba na Mbwana wakaingia chumbani, mlango ukafungwa kwa ndani. Mimi nikakaa uwanjani pamoja na watu, mikono mapajani, kama mgeni.

Bomba likakohoa kidogo. Kisha baba akasoma.

Ndugu zangu, nimemsikia baba akisoma tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Siku ile nilimsikia upya. Nilisikia pumzi aivutayo kabla ya ubeti. Nilisikia ulimi ukigusa meno, na ule ukavu mdogo wa koo uliomwingia tangu mama afariki. Kila neno lilisimama peke yake, safi, na baina ya neno na neno palikuwa kimya cha kweli, si mvumo.

Ilikuwa mashine yangu. Mama hahitaji taa kujua kikohozi cha mwanawe.

Mzee mmoja kando yangu akaanza kulia bila kujificha.

Kimya. Swichi ikabadilishwa. Baba akarudia beti zile zile.

Hii ya pili ilikuwa nene. Ilijaa uwanja, lakini ilijaa kama moshi. Penye herufi ya sini ilipiga mluzi, na penye sauti ya chini maneno yalishikana kama wali uliozidi maji. Chini ya yote palikuwa na mvumo usiokoma.

Ikazimwa. Maalim akageukia pazia. "Bi Biasha, tuanzie kwenu."

"Ya kwanza," akasema. "Nimemsikia Boga mpaka akimeza mate. Hii ya pili ni mtu asomaye ndani ya mtungi, na mtungi wenyewe una nyuki."

Kicheko kikapita. Maalim akauliza wanaume, safu kwa safu. Ya kwanza. Ya kwanza. Ya kwanza.

Dzombo mwenyewe akainua kidole. "Sina ubishi. Ya kwanza. Ukweli lazima usemwe."

Nilimwonea huruma. Wallahi nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumpoza. Ningemwambia mashine yake haikosi kazi, ni nzuri kwa mikutano. Ningemwomba awe mlezi wa darasa letu.

Mlango ukafunguliwa. Mbwana akatoka, shati limemganda kwa jasho. Hakunitazama.

"Haya, mwanangu," akasema Maalim. "Ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Mbwana akameza mate. Bila bomba, tulimsikia.

"Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Dzombo."

Mimi bado nilikuwa nikitabasamu. Uso wangu ulichelewa kupata habari.

Watu wa Msambweni wakapiga makofi. Dzombo akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi." Mtu akanigonga begani akaniambia pole, ndiyo dunia.

"Si kweli," nikasema.

"Salimu," akasema Maalim. "Fatiha."

"Maalim, ya kwanza ilikuwa yangu. Naijua."

"Mtoto akisifiwa, kila mtu ni babake," kijana mmoja akanitania, na safu nzima ikacheka.

"Tusibishane, basi. Mlango uwachwe wazi, ziwashwe tena mbele ya macho ya kila mtu. Mtasikia wenyewe ipi ni ipi."

Hata Dzombo akaitikia kwa kichwa. Nikamsukuma Mbwana, nikaingia chumbani.

Mashine ya Dzombo ilikuwa juu ya meza, salama. Yangu ilikuwa kando yake, na penye vali kubwa, ile isiyopatikana tena Mombasa nzima, palikuwa pamebaki kitako kitupu. Kioo kilikuwa kimesambaa sakafuni.

Baba alikuwa amekaa penye maikrofoni, mikono ndani ya kanzu.

"Imepasuka," akasema. "Pole, baba."

Baba yangu huniita baba anaponihurumia. Nikaona huruma, sikuona zaidi.

Nikamvuta Mbwana nyuma ya madrasa.

"Umekula kiasi gani?"

"Salimu, wacha."

"Mimi na wewe, Mbwana? Mkeka mmoja?"

"Wacha, nakuomba. Chukua ile kazi ya Mombasa. Usiulize zaidi."

"Dzombo amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Wallahi hajanipa hata maji." Machozi yakamlengalenga. "Usiulize, ndugu yangu. Utakuja kunishukuru au utakuja kunilaani, lakini leo usiulize."

Mtu akikwambia usiulize, na moyo wako unawaka, utafanya nini? Nilirudi uwanjani, nikasimama mbele ya watu wote.

"Bwana Dzombo," nikasema, "umemnunua rafiki yangu."

Dzombo akainuka taratibu. Nilitarajia atanitukana. Badala yake alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe.

"Mimi nimeanza kwa kubeba mbata kichwani," akasema. "Nimenunua duka, nimenunua lori, nimenunua mashine ile. Sijapata kununua mtu. Maalim, hili silimezi. Fatiha imevunjwa na aliyeitaka. Sasa nami nataka haki yangu. Huyu kijana alete shahidi, au aniombe radhi hapa, mbele ya akina mama hawa, kama mwongo."

"Ana haki," akasema Maalim. "Salimu, shahidi wako ni nani?"

Sikufikiri. Nilikuwa na shahidi ambaye hakuna wa kumtilia shaka.

"Baba," nikasema. "Baba alikuwa ndani. Aliona swichi kwa macho yake. Na aapishwe baba."

Mnong'ono ukapita uwanjani. Kuapa juu ya msahafu wa madrasa ya Munje si jambo la kusemwa ovyo. Watu wetu huhama nyumba, huacha shamba, lakini hawaapi. Aliyeapa uongo pale, kizazi chake hutajwa kwa kunong'onwa, na akiugua hakuna amwulizaye ugonjwa gani.

"Nakubali," akasema Dzombo. "Ni baba yake, lakini Boga nikimpa kitambaa hunirudishia hata vipande. Akiapa kwamba ya kwanza ilikuwa ya Salimu, mashine yangu naibeba leo, na chumba nampa. Akiapa ilikuwa yangu, kijana ataniomba radhi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Maalim," akasema, "si lazima tufike huko. Mambo ya vijana haya."

"Ni lazima, baba," nikamwambia kwa upole, nikidhani ananionea haya tu. "Wewe sema ulichokiona. Mimi nakuamini kuliko masikio yangu."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Boga," akasema Maalim, "katie udhu."

Desturi yetu, mzee akitia udhu na mwanawe yupo, mwana ndiye amiminaye maji. Nikachukua birika, nikamfuata penye jiwe. Baba akachutama. Nikamimina.

Maji yaliyomtoka mkononi yalikuwa mekundu.

"Umejikata, baba?"

Akakinga mikono. Nikamimina tena. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka kwa mkato mwembamba, na ndani ya mkato kilimeta kitu. Niliinama. Ilikuwa chembe ya kioo, kioo chembamba kile kisichopatikana katika chupa wala taa ya chemli.

Nikasimama na birika mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

"Mimina," akasema baba. "Watu wanangoja."

"Vali haikupasuka yenyewe."

"Haikupasuka yenyewe."

"Mbwana?"

"Mbwana alikataa. Kusema lile neno alikubali, baada ya kumsihi sana. Kuvunja alikataa." Akasukutua, akatema. Wakati wa kusukutua mtu hasemi, na mimi nilisubiri maji yatoke kinywani mwa baba yangu kama mtu anayesubiri hukumu. "Nikaivunja mwenyewe. Nilijua utataka zirudiwe."

"Kwa nini, baba?"

Akapandisha maji puani, akapenga, mara ya pili, mara ya tatu, kama ambaye hana haraka.

"Nimeshona kanzu za kijiji hiki tangu sijaoa," akasema. "Kila Idi wananisifu. Sindano imenila macho, na sijapata kuona mtu wa hapa akiniuliza, Boga, waona? Nikauza shamba la minazi la babu yako ili wewe usikae kibarazani pangu. Ukaenda, ukasoma, Mzungu akakupa kazi. Ukarudi kukaa kibarazani pangu."

"Nilirudi kuwafundisha wenzangu."

"Ndiyo. Una moyo wa mama yako. Ungeshinda leo, ungebaki. Watakusifu mwaka mmoja. Mwaka wa pili mashine itaharibika katikati ya maulidi, watasema mwana wa Boga ameleta nuhusi. Kazi ya Mombasa bado inakungoja, na haitangoja milele. Nikasema nikufungie mlango huu mmoja, upite ule mwingine."

"Umeniuza."

"Sijakuuza." Akaosha uso. Sikujua yapi ni maji ya birika. "Nilisoma ile ya kwanza kwa moyo wangu wote, Salimu. Nilitaka niisikie mara moja, kazi ya mwanangu. Hata humo chumbani, kupitia mlango, niliisikia. Sijapata kusikia sauti yangu ikiwa nzuri vile."

Nikamimina pembeni ya mikono yake, maji yakamwagika chini bure. Nilitaka kumchukia. Nilitafuta mahali pa kuanzia, sikupaona.

"Sasa utaapa nini?"

"Nitaapa nini?" Akapaka maji kichwani. "Nikisema kweli, Mbwana hatapata mke katika mwambao huu, na mimi sitasoma kasida tena mbele ya mtu. Nikisema uongo, nina Mola wangu. Niambie wewe. Ni wewe uliyetaka niape."

Akaosha miguu, akainuka, akaweka mkono begani kwangu ili asiteleze. Tukarudi hivyo, yeye ameniegemea, na watu wakatupisha njia kwa heshima, maana walidhani wanaona mwana mwema na baba yake.

Maalim alikuwa ameshautoa msahafu katika kitambaa chake. Dzombo alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti. Mbwana alikuwa amekaa chini peke yake, kichwa katikati ya magoti.

Baba akapiga magoti.

"Boga," akasema Maalim, "unajua lililo mbele yako?"

"Nalijua."

Maalim akanigeukia mimi.

"Haki ya kuapisha ni ya mdai, Salimu. Ukisema aape, ataapa, na sitakuwa na uwezo wa kumzuia. Ukisema asiape, umemsingizia Bwana Dzombo, utamwomba radhi hapa hapa, na chumba ni ghala la mbata kuanzia leo. Sema nikusikie. Aape, au asiape?"

Nikamtazama baba. Alikuwa ameshaunyoosha mkono, kidole gumba kimekunjwa ndani ya kiganja ili damu isiguse msahafu.

Nikafungua kinywa. Kabla sijatamka neno, Mbwana akainuka.

"Mimi ndiye wa swichi," akasema. "Kama kuna wa kuapa, nianzeni mimi."